Vifuniko Viwili

Daktari Shija alizikwa Maswa siku ya Jumamosi, na mimi nilifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Basi lilituharibikia njiani. Nilipoingia uwanjani kwao, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanakula wali na maharage, na mwanamke nisiyemjua akanisogezea sahani bila kuniuliza mimi ni nani. Msibani ndivyo ilivyo, mgeni hulishwa kwanza. Nikala huku nikisikiliza. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpole. Mwingine akakataa, akasema alikuwa mkali ila ukali wake haukuwa na sauti. Kisha mama mmoja aliyekuwa amenipa mgongo akauliza, "Si ndiye huyu aliyekuwa akichoma watu sindano gizani?" Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoanzia puani na kuishia hapo hapo. Nilitaka kumwambia ndiyo, ndiye, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwashika mikono humo gizani. Lakini nilikuwa na wali mdomoni, na nilipomeza, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye mvua.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na minne, nesi mpya katika hospitali ndogo ya kanisa pembezoni mwa Bariadi. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu. Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido. Kabla ya mashine ya ultrasaundi kuletwa kilikuwa stoo ya magunia, na siku za joto kuta zake bado zilitoa harufu ya mkonge na mahindi ya zamani. Dirisha tuliliziba kwa blanketi la wodini. Ukitoka kwenye lile jua jeupe la Februari, jua linalofanya mabati yalie juu ya kichwa chako, ulikuwa kipofu kwa muda. Ulisikia tu feni, na maji yakidondoka kwenye beseni, na mtu akivuta pumzi kitandani. Kisha kioo cha mashine kiliwaka na uso wa mgonjwa ukajitokeza polepole, wa kijivu, umetulia, kama uso wa mtu anayeota. Nimefanya kazi katika vyumba vingi tangu wakati huo, vyenye marumaru na viyoyozi, lakini nikifumba macho ni kile ninachokiona. Wakati mwingine sina hakika kama ni kumbukumbu au ni ndoto ambayo nimeiota mara nyingi mpaka ikaota mizizi.

Daktari Shija alikuwa amerudi kutoka Mwanza, ambako alikwenda kujifunza kuchukua kinyama cha uvimbe wa titi kwa sindano huku akiangalia kwenye kioo. Kabla yake, mwanamke mwenye uvimbe alikuwa na njia mbili tu, kukatwa bila kujulikana anaumwa nini, au kukaa nyumbani. Alinichagua mimi nimsaidie, na wiki ya kwanza hatukumgusa mtu. Tulimgusa kuku. Alinunua vifua vya kuku sokoni, akavichana, akapachika ndani yake maharage yaliyolowekwa, akavipaka jeli, na tukakaa gizani tukiyatafuta maharage kwa kichwa cha mashine. "Nesi asiyejua ninachokiona," alisema, "ataninyima ninachokihitaji." Basi nikajifunza kuona. Mafuta yalionekana meusi meusi, na tezi zilionekana kama shamba lililolimwa matuta na kutazamwa kutoka juu. Chini yake ulilala msuli, mistari kwa mistari, na chini ya msuli mbavu, kila ubavu ukitupa kivuli chake. Na chini kabisa, ukimpima mtu aliye hai, kulikuwa na ukingo mweupe unaoteleza kwenda na kurudi. "Hilo ni pafu," alisema siku ya kwanza aliponionyesha, akiwa amejipima yeye mwenyewe kifuani. "Ndiyo maana sindano hatuiingizi kama mtu anayechimba kisima. Tunailaza, iende sambamba na kifua. Mtu amekuja na uvimbe tu, asiondoke na pafu lililotobolewa." Na kila mara mkono wake ulipopoteza ncha ya sindano kwenye kioo, alisimama pale pale. "Sindano usiyoiona usiisogeze, Limi. Kwanza itafute."

Wanawake walianza kuja mwezi wa tatu, mmoja mmoja. Nilikuwa nikiwasikia kwenye benchi la korido kabla sijawaita, wakinong'ona kwa Kisukuma. Walisema uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika, unasambaa mwili mzima. Walisema kuna mtu wa Itilima alichomwa hivyo hivyo na hakuiona Pasaka. Siku moja Daktari alisimama nyuma ya mlango akasikiliza yote, na mimi nikadhani atatoka awagombeze. Alitoka, akakaa nao benchini, akaanza kuuliza huyo wa Itilima aliumwa muda gani kabla ya kuchomwa. Miaka miwili, walisema. Hakuwaambia neno lingine, na wa kwanza kwenye foleni akasimama mwenyewe.

Ndani alikuwa na utaratibu wake, nao haukubadilika hata kama foleni ilifika getini. Alipima matiti yote mawili na makwapa yote mawili, hata kama uvimbe ulikuwa mmoja na unaonekana kwa macho. Aliuliza kama mtu hutokwa damu kwa urahisi, kama anameza dawa yoyote, za duka au za miti, na za miti aliziuliza bila kukunja uso, ndiyo maana aliambiwa ukweli. Kisha alimwonyesha sindano yenyewe. Ilikuwa na springi ndani, na ilipofyatuka ilipiga *tak!* kama mtego wa panya. Aliifyatua hewani kwanza ili mgonjwa aizoee sauti, asije akashtuka wakati ncha iko mwilini. Ndipo akachoma ganzi, akangoja, akaomba ridhaa mara ya pili, akachukua vipande vinne au vitano. Kazi yangu ilikuwa kukitoa kila kipande kwenye sindano na kukitia katika kichupa cha fomalini, dawa inayozuia nyama isioze. Tuliangalia kama kinazama, kwa sababu mafuta huelea na nyama ya uvimbe huzama. Baadaye nilikandamiza pale palipochomwa kwa dakika kumi bila kuachia, na katika hizo dakika kumi ndipo nilipoambiwa habari za Simiyu yote. Na kichupa kilitakiwa kiandikwe jina ubavuni, si juu, mbele ya mgonjwa, kabla hajashuka kitandani.

Mwezi wa tano pamba ilianza kufunguka. Nyuzi zake zilielea hewani mjini, zikanasa kwenye nywele na kwenye nyaya za simu. Asubuhi moja walikuja wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Milembe wa Dutwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye shingo ndefu na sauti ya kuzoea darasa. Alikuwa na mtoto mmoja na uvimbe titi la kulia. Alikaa benchini akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu, na nilipomwita alimaliza kwanza hesabu aliyokuwa anaiangalia. Wa pili alikuwa Mayu Nkwimba, mayu kwa Kisukuma ni mama, mwanamke wa makamo kutoka nyumba ya wafugaji Nkololo, aliyeletwa kwa baiskeli na mwanawe mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hivyo ndani nilimfasiria. Sindano ilipofyatuliwa hewani alicheka. "Hiyo inaua panya wa aina gani?" aliniuliza. Uvimbe wake nao ulikuwa titi la kulia.

Siku hiyo plasta ya kubandika majina ilikuwa imekwisha, na vichupa vilikuwa na majimaji, kalamu ikateleza. Nikaandika majina kwenye vifuniko. Nilijua sivyo inavyotakiwa. Nikajiambia ni leo tu. Baadaye, peke yangu, niliona fomalini haijafunika vipande vizuri, nikavifungua vyote viwili mezani karibu na mlango ili niongeze. Vifuniko vilikuwa viwili, vichupa viwili, na ndani ya kila kimoja vipande vyembamba vyeupe kama tambi zilizokatika. Mtu akapiga kelele kutoka wodi ya wazazi, "Sista Limi! Sista Limi, kimbia!" Nikakimbia. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Niliporudi saa nzima ilikuwa imepita, nikiwa na damu ya mtu mwingine kwenye viatu na kilio cha mtoto mzima masikioni, na furaha kubwa. Nikavifunika vile vichupa. Hilo ndilo ninalolikumbuka, mikono yangu inavifunika na mimi mwenyewe sipo.

Majibu yalirudi kutoka maabara ya Mwanza baada ya wiki tatu, kwenye bahasha ya kaki iliyokuja na basi. Mayu Nkwimba hakuwa na saratani. Mwalimu Milembe alikuwa nayo. Daktari aliwaita kila mmoja kwa siku yake. Mayu alitupa mikono juu, akashukuru, wabeja, wabeja sana, akaondoka na mwanawe. Mwalimu aliuliza maswali matatu, akaandika majibu nyuma ya daftari, akapewa barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji Mwanza baada ya siku kumi na nne.

Shaka haikuniingia mpaka Jumapili iliyofuata. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja kwa Mama Kulwa, karibu na soko. Nyumba yake ilikuwa na ua wa ndani ambako kila kitu kilisikika, nani anakohoa, nani anakoroga uji. Nilikuwa nimejilaza baada ya ibada, pazia likipanda na kushuka, nikimsikia akipika chai na dada yake. Ghafla akafoka, "Nani kafunika sukari kwa kifuniko cha chumvi? Nimeharibu birika zima!" Dada yake akajibu kwa uvivu, "Si vinafanana." Nikabaki nimelala vile vile. Pazia likapanda, likashuka. Nikajiona nimesimama pale mezani, na vifuniko viwili mbele yangu, na sikuweza, hata nilipokaza macho ya moyo mpaka yakauma, kukumbuka kipi kilikuwa mbele ya kipi.

Nilinyamaza siku nne. Nataka niliandike hilo kama lilivyo, kwa sababu watu wamenisifu miaka mingi kwa kusema, na hakuna aliyewahi kuuliza juu ya siku zile nne. Nilijiambia bila shaka nilivipanga sawa. Nilijiambia kila kifuniko lazima kilikaa karibu na kichupa chake. Nilihesabu nafasi yangu kazini, aibu, na Daktari atakavyonitazama. Usingizini niliota vichupa vinaelea kama vifaranga vya bata, kila nikikishika kimoja jina linafutika. Siku ya tano Daktari aliniita nile naye mchana, kama alivyofanya wakati foleni ilipokuwa fupi, katika kiofisi chake chenye meza moja. Kulikuwa na ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga. Nilimega tonge nikashindwa kulipeleka mdomoni.

"Daktari," nilisema, "vichupa vya Mwalimu wa Dutwa na Mayu wa Nkololo. Niliandika kwenye vifuniko. Halafu nikavifungua vyote pamoja."

Aliacha kutafuna. "Ukavifunika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Una uhakika ulikirudisha kila kifuniko mahali pake?"

"Sina."

Alinawa mikono ingawa sahani ilikuwa bado imejaa. Alivuta faili zote mbili, akatoa picha alizokuwa amezichapisha, akazilaza mezani kando ya bakuli. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinifundisha, na hiyo ndiyo adhabu ninayoikumbuka zaidi. "Tazama. Uvimbe wa Mayu umelala, kingo zake laini, kama yai. Wa Mwalimu umesimama, kingo zina miiba, na nyuma yake kuna kivuli. Picha zinakubaliana na majibu. Kama ningelazimishwa kuapa, ningeapa kwamba hukuvibadilisha." Nikaanza kulia kwa nafuu. Akangoja nimalize. "Lakini sijalazimishwa kuapa," akasema. "Na mtu hakatwi titi kwa sababu daktari anakaribia kuwa na uhakika. Tutawachoma upya wote wawili, na upasuaji usubiri. Na tutakwenda kuwaambia wenyewe kwa midomo yetu. Sikiliza vizuri, Limi. Usimpe mtu matumaini, wala usimnyime. Sema tulichokosea, basi."

Alisema *tulichokosea*. Mimi nililisikia neno hilo wakati ule ule.

Tulikwenda Dutwa kwa pikipiki ya hospitali, mimi nyuma, mashamba ya pamba pande zote mbili yakiwa meupe kama mtu amemwaga mawingu. Mume wa Mwalimu Milembe alimpokea Daktari barazani, na mimi nikaitwa ndani, ambako Mwalimu alikuwa akipanga nguo kwenye begi. Alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. Mtoto wake alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Nilimwambia yote, vifuniko, kelele za wodini, siku zangu nne. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi aliyevunja kioo. Na hapo, nikiiona ile khanga mikononi mwake, nikiujua ule uvimbe wenye miiba niliouona kwa macho yangu, nikafungua mdomo nikasema, "Mwalimu, huenda si wewe."

Khanga ilibaki hewani. Nikaona matumaini yanamwingia usoni, hivi hivi, kama maji yanavyoingia kwenye mfereji mkavu. Kisha akayafikiria, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri.

"Kama si mimi," aliuliza, "ni nani?"

Akaikunja khanga, akaitia kwenye begi.

Nkololo tulifika mchana. Mayu Nkwimba alitutolea vigoda vya miguu mitatu, akatupa maziwa mgando, na hakuturuhusu tuseme la maana mpaka tumeyamaliza. Nilimweleza kwa Kisukuma, taratibu, kwamba majibu mazuri tuliyompa huenda hayakuwa yake. Mwanawe alisimama kwa hasira akasema hospitali gani hii inayompa mtu uhai na kuja kumnyang'anya. Mayu alimwinulia mkono, naye akakaa. Alitazama zizi muda mrefu. Ng'ombe walikuwa malishoni, zizi lilikuwa tupu, limejaa mbolea kavu na jua.

"Huyo mwingine ana watoto?" akaniuliza.

"Mmoja, mayu. Mdogo."

"Ng'ombe wangu akilala kwenye zizi la mtu," alisema, "simwachi mwenyewe zizi ahangaike naye. Namfuata. Kama ugonjwa ni wangu, nirudishieni."

Daktari Shija aliinamisha kichwa. Hakuhitaji nimfasirie.

Siku ya kurudia walikuja wote wawili asubuhi moja. Sikupanga hivyo, basi na baiskeli ndivyo vilivyopanga. Walikaa benchi moja. Mayu alitoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akavigawa kwa kila aliyekuwepo kama kwamba korido ni nyumbani kwake. Mwalimu Milembe alipokea kimoja akakishika tu. Nilipopita alinivuta mkono, akaninong'oneza, "Tangu mlipokuja nashindwa kusali. Nikiomba nipone, naona nyumba ya mtu inazimwa taa. Ni huyu, eti?" Nilitazama chini. Akageuka akamwangalia Mayu aliyekuwa akimcheka mtoto wa mtu aliyeangusha kiazi, na akakila kile kiazi chote, polepole, akitafuna kama dawa.

Ndani giza lilikuwa lile lile, na feni, na maji kwenye beseni. Lakini Daktari alisimama mbali na kitanda mpaka kichupa kiandikwe. Mwalimu Milembe aliomba aandike mwenyewe. Aliandika jina lake, kijiji, titi la kulia, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima, ubavuni mwa kichupa. Mayu hakujua kuandika. Alilitaja jina lake kwa sauti, nikaliandika, nikamsomea. "Andika na Nkololo," akasema, "wasije wakanipoteza tena." Daktari alicheka gizani, mara ya kwanza kwa wiki ile. Kisha nikamkandamiza Mayu dakika kumi, na katika zile dakika hakunipa habari yoyote. Alinishika kifundo cha mkono tu, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, kandamiza tu," na akakishikilia mpaka dakika zikaisha.

Majibu ya pili yalichukua wiki mbili. Daktari aliyafungua mbele yangu, akayasoma, akanipa. Yalikuwa yale yale. Sikuwa nimebadilisha chochote. Vifuniko vyangu, siku ile ya kukimbia, vilikuwa vimerudi mahali pake, na haikuwa kwa akili yangu.

Mwalimu Milembe alikuja peke yake. Daktari alimwambia kwa sentensi mbili, bila kuzungusha. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikitamani ukuta unimeze. Aliweka mikono juu ya mkoba, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Na yule mayu?"

"Ni mzima," Daktari alisema.

Akashusha pumzi ndefu, mpaka mabega yakashuka nayo. Ndipo akalia. Nilimfuata nje hadi kwenye kivuli cha tanki la maji, nikaanza kusema pole, akanikatiza.

"Usiniambie pole kwa kusema. Ungenyamaza ningekwenda kukatwa kwa kubahatisha. Sasa nakatwa kwa kujua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini lile *huenda* lako, Limi. Nimelala nalo wiki mbili. Lile usimpe mtu tena."

Sijampa mtu tena. Nimewafundisha manesi wengi tangu wakati ule, Bariadi na kwingine. Huwafundisha sindano ilale, ubavu wa kichupa uandikwe, jina lisomwe kwa sauti, picha na majibu vilinganishwe na visipokubaliana mtu arudiwe. Hayo yote yanafundishika, na wanayashika. Lile la Mwalimu Milembe huwaambia pia, lakini naona nyuso zao, naona hawaelewi bado, kama mimi nisivyoelewa nilipoambiwa mezani kwenye nsansa. Yeye alikwenda Mwanza, akakatwa titi, akachomwa dawa zilizomnyoa nywele zote, akarudi darasani mwaka uliofuata amefunga kilemba. Yuko hai mpaka leo. Amestaafu, na mkono wake wa kulia huvimba akifua nguo nyingi. Mayu Nkwimba alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee. Daktari Shija hakuwahi kunitajia kosa lile tena, wala kunificha kwamba hakulisahau. Kila plasta ilipokaribia kwisha, nilikuta nyingine mpya juu ya meza yangu.

Lakini siku ninayoirudia zaidi ni ile iliyofuata siku ya tanki la maji. Mayu alikuwa hajajua majibu yake, na Daktari alitaka kumtuma mtu. Mwalimu Milembe akasema, "Nataka nimwambie mimi." Tukaenda naye Nkololo kwa pikipiki ya kukodi, tukamkuta Mayu shambani peke yake, amejifunga khanga kiunoni kama mfuko, anachuma pamba. Ilikuwa Alhamisi, jua limeanza kuinama, na shamba lilikuwa jeupe na kimya kiasi kwamba tulisikia maganda makavu ya pamba yakikwaruza vidole vyake.

"Mwadila, mayu," Mwalimu alimsalimia.

"Mwadila."

"Majibu yametoka. Wewe ni mzima."

Mayu hakurusha mikono safari hii. Alimtazama. "Na wewe?"

Mwalimu Milembe akatikisa kichwa.

Mayu aliifungua khanga yake, akaimwaga pamba kwenye lundo, akajifunga upya, kwa utaratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. "Unakwenda lini huko Mwanza?"

"Jumatatu."

"Na leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi mstari huu tunaumaliza," Mayu akasema, akampa upande mmoja wa mstari, na yeye akachukua mwingine.

Mwalimu aliweka mkoba chini. Alivua viatu. Mimi niliingia nyuma yao, nikichuma walichoacha. Tulikwenda kwa mwendo wa Mayu, na mwendo wa Mayu ulikuwa wa pole. Pamba ilikuwa na joto la jua ndani yake, unaishika kama kitu kilichotoka kulala. Tulipofika mwisho, Mwalimu Milembe alisimama akanyoosha mgongo, akaangalia nyuma ile miti tuliyoiacha mitupu, akajipangusa nyuzi usoni, kisha akamwuliza Mayu mstari unaofuata unaanzia wapi.